Bili Zimejaa Droo, Nami Sina Nguvu ya Kuzifungua

*Barua tatu za mwezi huu zinahusu pesa na afya ya akili. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi mmeniandikia yanayofanana nayo.*

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 36, nimeolewa, nina watoto wawili. Hesabu za nyumba nazishika mimi tangu tulipooana. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema mimi nina kichwa cha namba, na zamani kweli nilikuwa nacho. Tangu mwaka jana naugua sonona. Daktari nimeshamwona na dawa natumia. Siku nyingine naamka vizuri kabisa, nafua, napika, nacheka na watoto. Siku nyingine hata kuoga kunanishinda.

Kuna droo ya chini kwenye kabati la nguo, ndimo ninamotia bahasha za bili, chini ya mashuka. Sizifungui. Najua kuna za umeme, za maji, kodi ya nyumba, ada za shule, na mkopo mmoja niliouchukua bila kumwambia mume wangu. Simu yangu nimeizima mlio ili wanaodai wasinishtue. Daftari la bajeti nimelianza mara nyingi tu. Lina mistari ya chakula, nauli, nguo, sabuni, zawadi, dharura, kila kitu. Likifika tarehe saba au nane, kwisha. Halafu usiku usingizi ukikataa nashika simu nanunua vitu. Si vya bei kubwa. Vikiletwa, navyo sivifungui.

Mume wangu akiuliza, namwambia tuko sawa. Kuna nyakati nawatazama wamelala, nasema moyoni wangekuwa afadhali bila mimi, maana mimi ndiye ninayewazamisha.

Naomba unipe bajeti nitakayoweza kuifuata. Na je, nimwambie?

*Mama wa Droo ya Chini*

Marahaba, mwanangu.

Naanza na hilo neno lako la kwamba wangekuwa afadhali bila wewe. Hilo wazo linakujia mara ngapi? Limewahi kufika mahali pa kufikiria namna ya kujidhuru? Jibu usiniandikie mimi. Mpe daktari wako, na umpe wiki hii, usingoje tarehe ya kliniki. Likikukaba usiku, mwamshe mume wako hata kama ni saa tisa, mwende kwenye hospitali ya karibu yenye huduma ya dharura. Umwambie daktari na habari za madeni pia. Wagonjwa wengi husimulia usingizi na hamu ya kula, habari za pesa wakaziacha mlangoni, ilhali deni na sonona vikikutana hatari huongezeka na daktari anapaswa kujua. Madeni yako yote kwa pamoja hayajafikia thamani ya wewe kuwepo, na wadai wamezoea kusubiri kuliko wanavyojionyesha kwenye simu.

Tukishaelewana hapo, twende kwenye daftari.

Miongoni mwa dalili ambazo madaktari huziangalia kwenye sonona, zikidumu wiki mbili au zaidi, ni kushindwa kutuliza akili mahali pamoja na kushindwa kufanya uamuzi. Sasa angalia daftari lako linadai nini kila siku: ukumbuke ulichonunua, uamue kiandikwe mstari gani, ujumlishe, ulinganishe na ulichopanga, kisha uamue kesho upunguze wapi. Yaani kila jioni linakuomba kilekile ambacho ugonjwa umekunyang'anya. Lingekushinda tu.

Na hata asiyeumwa, ukata peke yake humlemea. Mwaka 2013 jarida la *Science* lilichapisha utafiti uliohusisha wakulima wa miwa nchini India. Walipewa mafumbo ya kupima fikra kabla ya mavuno, wakati mikono mitupu, wakapewa tena baada ya mavuno, malipo yameshaingia. Kabla ya mavuno walifanya vibaya zaidi. Ni watu walewale, miezi michache tu imepita kati. Wewe unabeba ukata na sonona kwa wakati mmoja, halafu unajiita mzembe.

Mimi nimeshika vitabu vya hesabu vya watu maisha yangu yote ya kazi, na sonona naijua kwa kuishi nayo, si kwa kusoma. Ninaloliamini ni hili: bajeti yako hutungwa na wewe wa siku nzuri, lakini anayeitekeleza ni wewe wa siku mbaya. Kwa hiyo itungwe kwa ajili ya huyo wa pili. Kabla ya kuweka sharti lolote kwenye karatasi, jiulize kama mtu aliyeshindwa kuoga atalitimiza. Kama hapana, lifute. Ile kanuni maarufu ya asilimia 50 za mahitaji, 30 za matamanio na 20 za akiba ifute pia kwa sasa. Imetungwa kwa ajili ya mtu anayebakiwa na kitu.

Lakini huwezi kupanga usichokijua, kwa hiyo droo lazima ifunguliwe. Usiifungue leo usiku. Wengi wenye sonona asubuhi huwa nzito na alasiri hupungua uzito kidogo. Chagua saa ambayo kwako ni nyepesi, na umwite mtu akae nawe. Si lazima ajue hesabu. Kazi yake ni kuchana bahasha na kukukabidhi karatasi. Wewe hutalipa kitu siku hiyo, hutapiga simu, wala hutasoma zile aya za vitisho. Kwenye kila karatasi tafuta mambo matatu: nani anadai, kiasi gani, na mwisho lini. Yaandike kwa penseli kwenye karatasi moja tupu.

Nakwambia kitakachotokea, kwa sababu nimefungua droo za namna hiyo na watu wengi. Utakuta mdai mmoja ameandika mara tano. Ya umeme ya mwezi wa tatu imerudiwa kwenye ya mwezi wa nne, na ya mwezi wa nne imo ndani ya ya mwezi wa tano. Chukua ya mwisho, angalia mstari wa salio lililoletwa kutoka nyuma, kama limejumlishwa basi zile za nyuma zitoe kwenye rundo. Zitakuwemo risiti za vitu ulivyokwisha kulipia. Yatakuwemo matangazo ya mikopo mipya yaliyovaa sura ya bili, hayo chana. Lile rundo linalokunyima usingizi mara nyingi huishia kuwa wadai sita au saba tu. Kiasi kinaweza kuwa kikubwa bado, sikudanganyi, lakini sasa kina majina. Jipe dakika 20 tu; zikiisha, acha, hata kama bahasha zimebaki. Zilizobaki zitangoja siku nyingine nyepesi, ila zisirudi chini ya mashuka. Ziwekwe mahali panapoonekana.

Ukishawaandika, usiwapange kwa kelele zao. Anayepiga simu mara nyingi zaidi mara nyingi ni yule asiye na dhamana yako yoyote, ndiyo maana kelele ndiyo silaha yake. Wapange kwa kuuliza: nisipolipa mwezi huu, napoteza nini? Kodi ya nyumba inatangulia. Inafuata umeme na maji, dawa zako na nauli ya kliniki, na chochote kinachoiwezesha familia kupata kipato. Kisha mkopo uliowekewa dhamana, kama upo. Ada ya shule nenda kaiongelee mapema, shule nyingi hukubali mafungu kuliko kukimbiwa. Mikopo isiyo na dhamana na ndugu uliowakopa wanakuja baada ya hapo. Najua ndugu ndio wanaouma zaidi, lakini ndugu hakukatii umeme.

Wale usioweza kuwalipa kikamilifu, waandikie kabla hawajakuandikia tena. Kwa sababu najua kuanza sentensi ya kwanza ndiko kunakokwamisha, chukua hii unakili:

*"Naandika kuhusu mkopo namba … Kwa sasa niko kwenye matibabu na kipato changu hakitoshelezi marejesho tuliyokubaliana. Naomba mambo matatu. Mnipe salio kwa maandishi, mkitenganisha mkopo wa msingi, riba na faini. Msimamishe faini kwa siku 60. Mpokee kiasi cha … kila mwezi kuanzia tarehe … Naomba tuwasiliane kwa maandishi badala ya simu."*

Hulazimiki kutaja jina la ugonjwa wako. Barua ya daktari inayosema uko kwenye matibabu inatosha, na wengi huiheshimu. Kwenye ile nafasi ya kiasi, andika kile utakachokiweza katika mwezi mbaya. Ukiahidi kikubwa ukakivunja mwezi wa pili, umempa sababu ya kurudi kwenye kelele. Zile siku 60 sikuziokota hewani. England na Wales kuna utaratibu wa kisheria ulioanza Mei 2021, ambapo mdaiwa aliyekwama anaweza kupewa siku 60 bila riba, ada wala kufuatwa-fuatwa kwa madeni yanayohusika. Aliye kwenye matibabu ya dharura ya afya ya akili hupewa muda wote wa matibabu hayo, na siku 30 juu yake. Uliza kama mahali ulipo kuna kitu cha namna hiyo. Hata kama hakuna, kuomba hakukatazwi, na mkopeshaji mwenye akili anajua aliyepumua hulipa.

Na tafadhali, usichukue mkopo mpya kulipia wa zamani saa sita za usiku. Kuna wakati kuunganisha madeni kunafaa, riba ikiwa ndogo kweli na muda ukiwa unajulikana, lakini hilo ni jambo la mchana, la kukaa na mtu mwingine mkasoma masharti yote mpaka yale ya maandishi madogo.

Sasa bajeti yenyewe. Siku pesa inapoingia, zile za lazima ziondoke zenyewe. Benki yako waambie waweke malipo ya moja kwa moja kwa kodi na bili zisizobadilika, na tarehe iwe siku moja au mbili baada ya mshahara, si kabla, maana malipo yakikuta akaunti tupu baadhi ya benki hutoza faini. Kinachobaki kigawe kwa idadi ya wiki za mwezi. Kila Jumatatu, au siku yoyote utakayochagua, fungu la wiki moja lihamie kwenye akaunti nyingine au kwenye pochi yako. Hilo ndilo la kutumia. Hakuna mstari wa sabuni, hakuna mstari wa nauli. Namba unayotakiwa kuijua ni moja tu: wiki hii nimebakiwa na ngapi. Ukiwa umelala unaumwa, unaweza kuitazama namba moja. Na ukiharibu wiki, umeharibu wiki. Jumatatu inaanza nyingine, hungoji mwezi uishe ndipo uanze daftari jipya.

Kuna fungu ambalo wataalamu wa bajeti hawaliandiki, nami nakulazimisha uliandike. Liite fungu la siku mbaya. Ugonjwa una gharama zake: chakula kilichopikwa tayari kwa sababu huwezi kusimama jikoni, usafiri wa ghali kwa sababu huna nguvu ya kutembea wala kubanana na watu, faini ya kuchelewa, mtu wa kukufulia. Watu huziita ubadhirifu. Mimi naziita matumizi ya matibabu, na zisipotengewa kitu zinaibwa kwenye pesa ya umeme. Kadiria mwezi uliopita zilikuwa kama kiasi gani, tenga hizo. Mwezi ukiwa mwema zikabaki, zipeleke kwenye deni dogo kuliko yote ulifute, upate raha ya kukata jina moja kwenye karatasi.

Manunuzi ya usiku sitayasemea sana kwa sababu wewe mwenyewe umeshasema kila kitu: vikija huvifungui. Unachonunua ni ule wepesi wa dakika chache wa kuchagua na kubonyeza. Basi tuweke ugumu hapo kwenye kubonyeza. Futa namba ya kadi iliyohifadhiwa kwenye simu, toka kwenye akaunti za maduka ili kila mara ulazimike kuandika nywila, simu ilale sebuleni. Ukishindwa kabisa, chagua, weka kwenye kikapu, usilipe mpaka uamke. Na vile vifurushi ambavyo hujavifungua, leo angalia tarehe: vingi hurudishika vikiwa bado vimefungwa, mradi siku hazijapita.

Umeniuliza kama umwambie. Ndiyo. Mkopo wa siri utamfikia tu, kwa simu au kwa barua, na ni afadhali ausikie kinywani mwako. Ila subiri kwanza ile karatasi yako ya penseli ikamilike, umpe jambo lenye namba badala ya kilio peke yake. Mtafute akiwa ameshakula na hana haraka, umwambie: "Nina jambo la pesa, na ni la ugonjwa pia. Naomba nikueleze lote kwa mara moja, wewe unisikilize mpaka mwisho ndipo useme." Mkopo uutaje mapema, usiuache mwisho. Anaweza kukasirika, na ana haki ya kukasirika siku hiyo. Mpe muda. (Kama ni mtu wa kupiga, hili nililosema liache kwanza, mweleze kwanza daktari au afisa ustawi wa jamii, mpange mkiwa na mtu mwingine chumbani.)

Akishapoa, mgawane kazi. Yeye achukue bahasha na simu za wadai, maana hizo ndizo zinazokuua. Wewe baki na fungu la wiki na ile karatasi. Sikubaliani na wanaosema mgonjwa anyang'anywe hesabu zote apumzike. Ulikuwa na kichwa cha namba na bado unacho, kinaumwa tu, na mtu akinyang'anywa alichokuwa hodari nacho hudhoofika zaidi. Mkae pamoja mara moja kwa wiki, robo saa, muangalie. Wiki ukiwa chini kabisa, robo saa hiyo aimalize peke yake, nanyi msiihesabu kuwa kosa.

Dawa ikianza kushika, na kwa sonona huchukua wiki kadhaa si siku, utatamani kurudisha lile daftari lenye mistari yote. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa daftari zenye rangi, nakuelewa. Lipe miezi kwanza.

Shangazi, habari za kazi.

Dada yangu mkubwa ana ugonjwa wa bipola, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Akiwa sawa ni mtu makini kuliko sisi wote. Akipanda, hashikiki. Mara ya mwisho alileta cherehani tatu kwa mkopo, na kushona hajui. Alisema anafungua kiwanda. Alipotulia alilia wiki nzima. Mama anataka tumnyang'anye kadi zote na mshahara uwe unaingia kwa Mama. Dada anasema yeye si mtoto. Nani yuko sahihi?

*Mdogo Mtu*

Mdogo Mtu, nzuri.

Wote wawili kidogo. Kutumia pesa ovyo kumo kwenye orodha ya dalili ambazo madaktari huzitumia kuutambua msisimko wa bipola, pamoja na kulala saa chache bila kuchoka, kusema haraka na kujiona unaweza yote. Kwa hiyo zile cherehani ni dalili ya ugonjwa, kama homa ilivyo dalili. Mama ana haki ya kuogopa. Lakini dada yako naye ana miezi mingi ya kuwa mzima, na huwezi kumfunga mtu makini miezi yote hiyo kwa ajili ya wiki chache.

Njia ni makubaliano yanayoandikwa akiwa mzima, na yeye mwenyewe ndiye ayaandike. Kaeni naye, mwulizeni: ukianza kupanda, sisi tunaona nini kwanza? Yeye anajijua. Pengine atasema analala kwa muda wa saa tatu tu, anapigia watu simu alfajiri, ana mpango mpya kila siku. Aandike dalili zake, na aandike zikionekana mbili kwa pamoja nani amshikie kadi, abakiwe na kiasi gani cha matumizi ya kila siku, na lini arudishiwe. Hilo la mwisho msilisahau. Makubaliano yasiyo na tarehe ya kurudisha ni kunyang'anya. Mshahara ubaki kwake. Akiba ihamie kwenye akaunti inayotaka saini mbili, na aiombe benki ishushe kikomo cha mkopo kwenye kadi yake. Kikishushwa akiwa mzima, hakuna wa kugombana naye siku akiwa juu.

Kama amekwisha kununua, msikae mkilaumiana, siku zinahesabika. Bidhaa ambayo haijatumika mara nyingi hurudishika katika siku za mwanzo, na barua ya daktari inaweza kumlainisha muuzaji hata kama halazimiki.

Jambo moja zaidi, liulizeni kliniki. Mwaka 2016 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba dawa iitwayo aripiprazole, ambayo hutumika pia kwa bipola, inaweza kwa watu wachache kuleta msukumo usiozuilika wa kucheza kamari, kununua vitu au kula. Sijui anatumia dawa gani na sisemi ndiyo sababu. Nasema kama matumizi yameanza kuwa hivyo baada ya kubadilishiwa dawa, daktari aambiwe. Asiache dawa mwenyewe.

Na akishatulia akilia, wakati huo msimletee risiti. Baada ya kupanda mara nyingi hufuata kushuka, na aibu ikimkuta huko chini ni mzigo mbaya. Risiti zina siku yake.

Shangazi,

Mambo ni magumu nyumbani. Nimeanza kugawa vidonge vyangu vya wasiwasi nusu-nusu, na wikendi sivigusi kabisa, ili pakiti ifike miezi miwili. Nyumbani hawajui. Je, nina hatari?

*Msomaji*

Mwanangu,

Unayo. Ukiruka siku au kupunguza ghafla dawa nyingi za wasiwasi na sonona unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto mbaya na hisia kama shoti ya umeme kichwani, kisha wasiwasi wenyewe ukarudi. Kuna dawa nyingine za wasiwasi, zile za kutuliza haraka, ambazo kuziacha ghafla kunaweza kuleta hata degedege. Na vidonge vilivyotengenezwa kuyeyuka polepole kwa kawaida havikatwi nusu, ukivikata dawa inaweza kumwagika mwilini mara moja. Piga simu kliniki leo uwaambie hasa unavyotumia. Usijirudishie dozi nzima kwa kubahatisha kabla hujaongea nao.

Wakati huohuo waambie bei, kwa namba: "Kwa mwezi nina uwezo wa kiasi hiki, kisizidi." Wengi wanaona haya kusema hivyo mbele ya daktari, naye akaandika dawa ya jina la kampuni bila kujua kwamba hainunuliki. Uliza kama ipo ileile inayouzwa kwa jina la kisayansi, kwa kuwa kiambato chake ni kilekile na kwa kawaida ni nafuu. Uliza kama hali yako imetulia kiasi cha kuandikiwa dawa za miezi miwili au mitatu kwa mpigo, uokoe nauli na ada ya kumwona daktari. Kama dozi inaweza kupunguzwa, yeye ndiye ataipunguza, kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Na kwenye bajeti ya nyumbani, dawa zako zikae mstari mmoja na kodi. Ukipata jibu la kliniki niandikie, na uniambie ni nini kingine kilichopangwa kabla ya dawa, tukihamishe.